Jani Lililonisahihisha

Kazi ya mwalimu ni kusahihisha, na mtu akisahihisha wenziwe kwa zaidi ya miaka thelathini huanza kusahau kwamba hata yeye anaweza kukosea. Mimi nilisahau. Nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu, nikaagwa kwa risala na zawadi ya redio, nikarudi kwenye shamba langu nje ya mji wa Dodoma nikiamini kwamba yale niliyoyafundisha yalikuwa sahihi, isipokuwa pengine yale ambayo Wizara yenyewe iliyabadili. Katika insha hii nataka kueleza somo moja nililolifundisha vibaya, na watu walioumia kwa ajili yake. Aliyekuja kunisahihisha hakuwa mkaguzi wala mwandishi wa kitabu kipya cha kiada. Nilisahihishwa na majani ya miti yaliyoanguka ziwani miaka milioni 46 iliyopita.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Nililipata chuoni nilipokuwa nasomea ualimu, na nikalirudia kila mwaka mbele ya watoto: Zamani nchi hii ya kati ilikuwa na misitu minene na mvua tele. Watu wakakata miti, wakafuga mifugo kupita kiasi, mvua ikakimbia. Ndiyo maana Dodoma ni kame. Watoto waliimba maneno hayo kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha, na aliyeandika vinginevyo katika mtihani alikosa alama.

Mwaka 1984, baada ya misimu ambayo mvua ilikuwa haba katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, niliitisha mkutano wa wazazi katika shule niliyokuwa naiongoza. Nilikuwa kijana bado, nina sauti, na nina hamu ya kusikika. Niliwaambia wazazi kwamba njaa ile wameileta wenyewe kwa mashoka yao. Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa chini ya mbuyu na fimbo yake magotini, akaomba kusema.

“Mwalimu,” akasema, “hiyo zamani unayoisema ni zamani ya nani? Mimi nafukua maji kwenye mchanga wa mto. Baba yangu alifukua pale pale. Babu yangu naye alifukua. Huo msitu wako nani aliuona?”

Nikamjibu: “Mzee wangu, haya ni mambo ya kitaalamu.” Watu wakacheka. Mzee akakaa, akatazama chini, na mkutano ukaendelea.

Tuliazimia kupanda miti mia nne kuzunguka shule. Tuliletewa miche ya mikaratusi, na kila mwanafunzi akapewa mche wake na wajibu wa kuleta dumu moja la maji mara mbili kwa wiki. Visima vya karibu vilikuwa vimekauka. Siku moja msichana wa darasa la sita alikuja na dumu tupu. Nilipomwuliza, alisema mama yake amemwambia maji yaliyopatikana ni ya wadogo zake. Nilimchapa viboko viwili mbele ya gwaride ili iwe fundisho kwa wengine. Ilipofika Oktoba miche yote ilikuwa imekufa, isipokuwa michache nyuma ya jiko ambako wapishi walimwaga maji ya kuoshea vyombo. Katika taarifa yangu ya mwaka niliandika kwamba wazazi hawakutoa ushirikiano wa kutosha.

Hayo ndiyo makosa. Sasa nieleze nilivyoyatambua.

Ushahidi wa kwanza nilikuwa nao mkononi siku zote, ila sikuutazama. Nilifundisha historia, na kila mwaka nilisimulia safari ya Burton na Speke waliopita Ugogo mwaka 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika. Kabla ya kuingia Ugogo ilibidi msafara wao uvuke nyika ya Marenga Mkali, ambayo wapagazi waliiogopa kwa sababu haikuwa na maji ya kutegemewa. Nilichora njia hiyo ubaoni kwa chaki ya rangi. Sikujiuliza hata siku moja: ikiwa mwaka 1857 nchi hii ilikuwa kavu kiasi hicho, kabla ya reli, kabla ya Wajerumani, kabla ya watu kuongezeka, huo msitu mnene wa mvua tele ulikuwapo lini?

Na si maandishi ya wageni tu. Nilikulia katika nyumba ya tembe. Ndugu msomaji, kama umewahi kulala ndani ya tembe unajua kwamba paa lake ni bapa, limejengwa kwa miti na kufunikwa udongo. Nyumba kama hiyo haiwezi kubuniwa na watu waliozoea mvua ya Bukoba, kwani masika moja tu ingeiangusha. Wagogo wamepanda uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua. Wamekausha mlenda wakauweka hadi kiangazi. Wamejua mahali pa kufukua mchanga wa mto hata maji yachimbuke. Kujifunza mambo hayo yote si kazi ya kizazi kimoja. Ni elimu ya watu walioishi na ukame muda mrefu sana, na mzee yule alikuwa akinisomea elimu hiyo mbele ya mkutano nami nikamnyamazisha.

Lakini nikiri kwamba mtu aliyezoea vitabu haridhiki na paa la tembe. Nilihitaji shahidi mwingine. Alinijia miaka kadhaa baada ya kustaafu, kupitia mwanafunzi wangu wa zamani aliyesomea miamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuja kunijulia hali, tukazungumza habari za mvua, nami nikamrudia somo langu lile lile. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, “Mwalimu, umewahi kusikia habari za majani ya Mahenge?”

Mahenge anayoisema si ile ya Ulanga mkoani Morogoro ambayo wengi wanaijua. Hii ni mahali padogo katika mkoa wa Singida, kwenye uwanda huu huu wa juu tunaoishi. Hapo kale, mlipuko kutoka chini sana ya ardhi ulipasua uso wa nchi na kuacha shimo la duara. Miamba iliyopanda na mlipuko huo ni ya jamii ya kimbalaiti, ile ile inayobeba almasi kule Mwadui. Shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo lenye kina na utulivu. Majani yaliyopeperushwa na upepo yalianguka majini, yakazama, yakafunikwa na tope laini lililotua tabaka juu ya tabaka. Huko chini kulikuwa na hewa haba, hivyo hayakuoza upesi. Tope likawa mwamba mwembamba unaopasuka kama kurasa za daftari, na ndani ya kurasa hizo majani yakabaki na mishipa yake.

Watafutaji wa almasi ndio walioifumbua siri hiyo wakati wa ukoloni. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki, P. H. Greenwood wa makumbusho ya London, alieleza habari za samaki waliokauka ndani ya mawe hayo. Kisha pakakaa kimya mpaka mwaka 1996, watafiti wakiongozwa na Terry Harrison walipokwenda kuchimba tena, akiwamo Mtanzania Charles Msuya. Walipata samaki wa jamii ya sato na perege walio miongoni mwa wakongwe kabisa wanaojulikana, chura, popo, na majani mengi. Chembe ndogo za zirkoni zilizotoka katika kimbalaiti yenyewe ndizo zilizotoa umri. Ndani ya chembe hizo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, na kwa kupima kiasi cha kila kimoja watafiti walipata karibu miaka milioni 46.

Sasa, jani linawezaje kusema habari za mvua? Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokuwa mwalimu nami nikawa mwanafunzi.

Shuleni kwetu tulikuwa na kipima mvua, mkebe wa bati uliosimama kwenye uwanja, na kila asubuhi mtoto mmoja aliandika milimita daftarini. Jani nalo ni kipima mvua, ila vipimo vyake huviandika kwa umbo lake. Mti hunywa kwa mizizi na hupoteza maji kwa majani. Penye mvua nyingi mti unaweza kujipa majani mapana bila hofu. Penye uhaba jani pana ni hasara, kwa hiyo miti mingi hubakia na majani madogo, au majani yaliyogawanyika vipande vidogo vidogo. Mtu asiyesadiki autazame mgunga wa Bahi, kisha akautazame msitu wa Amani kule Usambara.

Mti mmoja hautoshi kuwa shahidi. Mkuyu uliosimama kando ya korongo una majani mapana hata hapa Dodoma, kwa sababu umetia mizizi penye maji. Kwa hiyo watafiti hawaangalii jani moja. Hukusanya majani ya aina nyingi za miti, huyapima ukubwa, na kuhesabu ni sehemu gani ya aina hizo yenye majani madogo na ni sehemu gani yenye makubwa. Bonnie Jacobs, mtaalamu wa mimea wa kale kutoka Marekani, alianza kwa miti iliyo hai. Alilinganisha majani ya uoto wa sehemu mbalimbali za Afrika ambako mvua imepimwa, akapata uhusiano kati ya majani na mvua. Baada ya hapo ndipo akageukia mawe ya Mahenge. Hiyo ni kanuni ambayo mwalimu yeyote ataipenda: huwezi kusoma usichokijua kabla hujasoma unachokijua.

Matokeo yake, aliyoyatoa pamoja na Patrick Herendeen mwaka 2004, yalinifanya niweke kikombe cha chai mezani. Watu wangetarajia kwamba miaka milioni 46 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto kuliko leo na ncha zake hazina kofia kubwa za barafu kama za sasa, Afrika ya tropiki yote ilikuwa msitu mzito wa mvua. Majani ya Mahenge yalisema sivyo. Yalionyesha nchi ya miti iliyoachana, yenye mvua ya wastani isiyo mbali na ile inayonyesha Singida siku hizi. Wingi wake ulikuwa miti ya jamii ya mikunde. Mmoja wao walimpa jina la Aphanocalyx singidaensis, kwa heshima ya Singida, na huyo ni jamaa wa mbali wa mkwaju wetu. Uoto wenyewe waliufananisha na miombo, yaani ile nchi ya miti ambayo msafiri anaiona dirishani akitoka Manyoni kwa gari moshi kuelekea Tabora.

Nilimwomba mwanafunzi wangu arudie. Akarudia. Nikamkumbuka mzee wa chini ya mbuyu. Aliniuliza huo msitu nani aliuona, na hapa yalikuwapo majani ya kabla ya binadamu yeyote, kabla hata ya nyani wakubwa, nayo yalishuhudia upande wake.

Ni lazima nijihadhari hapa, maana mtu aliyetoka kwenye kosa moja huwa mwepesi wa kuruka kwenye jingine. Ziwa moja ni dirisha moja. Majani ya Mahenge yanasema hali ya hewa ilivyokuwa wakati ziwa lile lilipojaa tope. Hayasemi kwamba tangu hapo haikubadilika kwa miaka milioni 46. Wakati ule hata bara letu lilikuwa kusini zaidi ya lilipo leo. Kuna nyakati nchi ilikuwa na maji mengi na nyakati ilikauka zaidi. Jani linakanusha jambo moja tu, nalo ndilo nililokuwa nalifundisha: kwamba ukame wa nchi ya kati umeumbwa na shoka la mkulima.

Kwa kuwa dirisha moja halitoshi, niliendelea kuuliza, na nikajua kwamba mashahidi ni wengi. Kule Laetoli, kusini ya Olduvai, mahali penye nyayo za binadamu wa kale zilizogunduliwa mwaka 1978, wadudu nao wameacha maandishi. Ndani ya majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba vimo vyumba vidogo vya nyuki wapweke, wale wasioishi kwenye mzinga bali huchimba ardhini kila mmoja na shimo lake, na pia masalia ya viota vya mchwa. Nyuki wa namna hiyo huchagua udongo mkavu, ulio wazi, usiotuamisha maji. Kwa hiyo anayeona vyumba vyao anajua kwamba miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita mahali pale hapakuwa kinamasi.

Upande wa kusini yetu, kwenye milima ya Udzungwa, Mtanzania Cassian Mumbi na wenzake walichunguza tope la kinamasi cha Dama na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Wao walitafuta chavua, ule ungaunga wa maua. Kila mmea una chavua yenye umbo lake, na ganda lake ni gumu kiasi kwamba hukaa ndani ya tope maelfu ya miaka. Rekodi yao inarudi nyuma zaidi ya miaka elfu arobaini, nayo inaonyesha kwamba msitu wa mlimani ulidumu hata katika ile enzi ya barafu ambapo sehemu nyingi za Afrika zilikauka. Milima ile hupata unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nasi tuko nyuma yake. Hivyo ndivyo ilivyo siku hizi, na kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa. Nilipokuwa nawaambia watoto wa Ugogo kwamba wangekuwa na msitu kama wa Udzungwa laiti babu zao wasingekata miti, nilikuwa nawalaumu kwa sababu ya mahali mlima uliposimama.

Shahidi aliyenigusa zaidi ni mdudu. Katika Ziwa Naivasha nchini Kenya wamo wadudu wadogo wafananao na mbu lakini wasiouma. Mabuu yao huishi ndani ya tope, na kila buu anapokua huacha ganda gumu la kichwa. Aina nyingine hupenda maji baridi, nyingine huvumilia maji ya chumvi. Ziwa likipungua kwa ukame, chumvi huzidi, na vichwa vinavyobaki kwenye tope hubadilika. Mwaka 2000 Mbelgiji Dirk Verschuren na wenzake wawili kutoka Kanada, Kathleen Laird na Brian Cumming, walitoa historia ya mvua ya miaka 1,100 iliyosomwa kwa vichwa hivyo vya wadudu, pamoja na magamba ya vimea vidogo vya majini na tope lenyewe. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi palikuwa pakavu kuliko leo. Kisha mvua ikawa nyingi zaidi hadi kama 1850, ila ndani ya muda huo zilipita nyakati tatu za ukame mkali: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840.

Baada ya kupata miaka hiyo, watafiti waliilinganisha na masimulizi ya wazee wa Afrika ya Mashariki kuhusu njaa, ghasia na kuhama kwa makabila. Yakaoana. Yale tuliyoyaita hadithi za wazee, ambayo mwalimu aliyachukua kuwa mapambo ya somo na wala si somo lenyewe, yalikuwa yamehifadhi habari ambazo wadudu walizithibitisha. Naivasha ni mbali na Ugogo, na siwezi kuihamishia miaka yake Dodoma. Hata hivyo kanuni inasafiri: mzee anayekumbuka ukame aghalabu hakuubuni.

Basi kama ukame haukuletwa na watu, je, watu hawana hatia? La hasha. Hapa ndipo somo la majani linapokuwa gumu.

Baba yangu alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Jina hilo la Kigogo lina maana ya kinyang'anyiro. Njaa hiyo iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa nchi hii. Mvua ilikosekana, ndiyo. Lakini mvua ilikuwa imekosekana mara nyingi kabla ya hapo bila kuua mtu mmoja katika kila watano. Tofauti ni kwamba majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamepita yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ghala zilikuwa tupu kabla jua halijaanza kuchoma. Baba hakupenda kuisimulia. Alisema tu kwamba walikula ngozi za kulalia, kisha alinyamaza. Kutokana na kimya chake nimejifunza kutenganisha maneno mawili ambayo darasani niliyachanganya. Ukame ni mwenyeji wa nchi hii. Njaa ni mgeni, na mgeni huyo mara nyingi huletwa na mkono wa mtu.

Mfano mwingine uko Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mpango mkubwa wa kulima karanga. Walileta matrekta, wakang'oa vichaka, wakapigana na mibuyu. Walikuja na takwimu chache za mvua na haraka nyingi. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikashindwa kung'olewa, na mpango ukaachwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Wale nao walikuwa wamejiaminisha kwamba ardhi ya kati ingetii. Kosa lao halikuwa mbali na langu na mikaratusi yangu. Mimi nilikuwa na madumu, wao walikuwa na matrekta.

Na Kondoa je? Pale lawama ya binadamu ni ya kweli, maana makorongo ya Irangi yalikuwa yameila ardhi hadi mifupa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo lililoharibika, kilometa za mraba 1,256. Wafugaji waliumia, na sipendi kulipuuza hilo. Lakini baada ya miaka michache nyasi na miti vilirudi. Mvua haikuwa imeongezeka. Kilichobadilika ni kwato na udongo. Kwa hiyo watu tunaweza kuiharibu ardhi, na tunaweza kuiponya, ndani ya mvua ile ile haba. Ama kuhusu joto la dunia linaloletwa na moshi wa viwanda na magari, hilo ni kweli na litatuumiza, lakini halikuanzia kwenye shoka la Mgogo.

Mambo haya si ya wasomi peke yao. Ukimwambia mtu kwamba nchi yake ilikuwa ya neema naye ameiharibu, atafanya moja kati ya mawili: atajidharau, au atakudharau. Ukimwambia kwamba nchi yake ni kavu tangu kale, na kwamba babu zake walipata akili ya kuishi ndani yake, atauliza akili hiyo ni ipi na imepotelea wapi. Swali hilo la pili linapanda mtama. La kwanza linapanda mikaratusi.

Mzee wa chini ya mbuyu alifariki zamani, na sikupata nafasi ya kumwambia kwamba alinishinda. Yule msichana yuko hai. Leo ni mama mtu mzima mwenye wajukuu. Nilikwenda kwake, nikakaribishwa kigoda, tukaamkiana, nikamweleza nilichokuja kusema: kwamba siku ile ya dumu tupu yeye alikuwa na haki nami nilikuwa na fimbo.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Mwalimu, huo mti siukumbuki. Nakumbuka mdogo wangu alikuwa na homa, na maji yalikuwa yale tu.”

Nikasema, “Nisamehe, mama.”

“Yamepita, Mwalimu,” akajibu, kisha akaniuliza kama nimekuja kwa miguu, kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Kama ningerudishiwa chaki kwa siku moja tu, nisingeanza na Burton wala na reli ya kati. Ningewatuma watoto nje wakaokote majani, kila mmoja matano, ya miti mitano tofauti. Tungeyapanga mezani kwa ukubwa, tukayapima kwa rula, kisha tukalinganisha na milimita zilizoandikwa kwenye daftari la mvua. Baada ya hapo ningewapeleka kwa babu na bibi zao wakaulize majina ya njaa walizozisikia, na kila njaa waandike pia nani alichukua nafaka. Kisha ningewaambia habari za ziwa dogo la Mahenge, ambako miti ilikuwa ikitupa majani madogo majini kabla hajazaliwa mtu wa kulaumiwa.

Na mtoto ambaye angeandika kwamba Dodoma ilikuwa kavu tangu zamani, ningempa alama yake.